Kaharabu, Chanuo na Radi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja aliuliza swali ambalo halikupata jibu siku ile. Alisema kwamba kijijini kwao mchungaji alipigwa na radi malishoni. Watu wakakusanyika, lakini hapana aliyethubutu kumgusa, kwa kuwa walidhani umeme umo bado mwilini mwake nao utawarukia. Wakasimama kumtazama hata akafa. Ndugu yetu akauliza: Je, hofu ile ilikuwa na msingi? Halmashauri ikatuagiza sisi tulitafute jibu, na leo twalileta. Jibu ni fupi: hofu ile haikuwa na msingi. Walakini jibu lisilo na sababu zake ni kama barua isiyo na sahihi. Basi twaomba ruhusa tuanze mwanzo.

Mwanzo wenyewe ni kitu kidogo. Mtu na achukue chanuo la plastiki, alisugue kwa nguvu katika nywele kavu au kitambaa cha sufu, kisha alisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vipande vitaruka na kulishika. Wale walio bara, wakati wa kiangazi, watafaulu mara moja. Walio pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, huenda wasione kitu. Nao wasitudhanie waongo, kwa maana sababu yake tutaieleza.

Jambo hili ni la zamani sana. Wayunani wa kale walijua kwamba kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Wao waliiita kaharabu elektron, na katika neno hilo watu wa Ulaya walitoa jina la umeme. Waajemi nao waliiita kwa jina lenye maana ya kitu kinyakuacho majani makavu. Jina hilo likapita kwa Waarabu, ambao mpaka leo huuita umeme kahraba, likatufikia na sisi. Basi waliovaa ushanga wa kaharabu walivaa shingoni jina la umeme bila kujua. Mwaka 1600 tabibu Mwingereza, William Gilbert, alionyesha katika kitabu chake kwamba si kaharabu peke yake, bali kioo, salfa, na hata lakiri ya kufungia barua huvuta vivyo hivyo.

Mwaka 1733 Mfaransa Charles du Fay alitambua kwamba nguvu hii ina namna mbili. Baadaye Benjamin Franklin wa Marekani alizitofautisha kwa alama za kujumlisha na kutoa, nasi twasema chaji chanya na chaji hasi. Kanuni yake yafaa kila mmoja wetu aishike kwa moyo: chaji za namna moja husukumana, na chaji za namna mbili huvutana.

Chaji hizi zatoka wapi? Kila kitu duniani kimefanyika kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Katikati ya atomi mna protoni, zenye chaji chanya, na kuizunguka katikati hiyo mna elektroni, zenye chaji hasi, ambazo J. J. Thomson alizigundua mwaka 1897. Kwa kawaida hesabu ya chanya na ya hasi ni sawasawa, kwa hiyo kitu hakionyeshi chaji yo yote. Lakini vitu viwili vikisuguana, elektroni nyingine hutoka katika kimoja zikaingia katika cha pili. Kilichopokea huwa hasi, na kilichopoteza huwa chanya. Wenzetu wa idara ya hesabu wataelewa upesi: kilichoandikwa kuwa kimeingia upande huu hakina budi kuwa kimetoka upande ule. Kusugua hakuumbi chaji. Huihamisha tu, na jumla haibadiliki.

Huenda mtu akauliza: Karatasi haikusuguliwa, basi mbona imevutwa? Twajibu kwamba chanuo lenye chaji hasi, likiisogelea karatasi, husukuma elektroni za karatasi zijitenge kidogo upande wa mbali. Upande wa karibu hubaki chanya, na kwa kuwa ndio ulio karibu zaidi, mvuto hushinda msukumo. Tulikumbuke neno hili, maana tutalikuta tena juu mawinguni.

Sasa twafika penye kiini cha swali letu. Mwaka 1729 Stephen Gray, Mwingereza aliyekuwa mtia nguo rangi kwa kazi yake, alipitisha nguvu hii katika uzi mrefu wa katani. Alipoutundika uzi ule kwa nyuzi za hariri, nguvu ilifika mwisho. Alipoutundika kwa waya wa shaba nyeupe, nguvu ilipotea yote. Hivyo ikajulikana kwamba viko vitu vipitishavyo chaji, kama madini, maji machafu na ardhi yenye unyevu. Na viko viizuiavyo, kama hariri, kioo, mpira na plastiki. Chanuo hushika chaji kwa kuwa plastiki haiipitishi. Pwani unyevu hufanya utando mwembamba wa maji juu ya chanuo, na chaji yote huponyokea hapo. Na mwili wa mwanadamu je? Umejaa maji yenye chumvi, nao ni katika vile vipitishavyo. Mtu aliyelala juu ya ardhi hawezi kuweka chaji, kama vile tenga lisivyoweza kuweka maji.

Na tuinue macho mawinguni. Ndani ya wingu kubwa la mvua, punje za mvua ya mawe na vipande vidogo vya barafu hugongana bila kukoma. Kwa kawaida punje nzito hubaki na chaji hasi zikashuka chini, na vipande vyepesi hubaki na chaji chanya vikapanda juu. Chini ya wingu pakiwa hasi, elektroni za ardhi husukumwa mbali, na ardhi hubaki chanya, sawasawa na karatasi yetu chini ya chanuo. Nguvu ikizidi, hewa huvunjika na chaji hupita. Mkondo wa radi wafika kama ampea 30,000, na hewa iliyo njiani mwake hupata joto la digrii 30,000 hivi. Hutanuka kwa ghafula, nasi twasikia ngurumo. Lakini yote hayo hayatimizi sekunde chache, kisha chaji imekwisha ingia ardhini. Kwa mchungaji yule haikubaki hata chembe ya kumdhuru mtu.

Ndugu wanachama, hili ndilo tunalotaka mlichukue majumbani. Aliyepigwa na radi hana umeme. Ashikwe mara moja. Aghalabu kilichosimama ni moyo na pumzi, na pengine vyaweza kurudishwa. Kama mvua bado yanguruma, apelekwe upesi mahali pa salama. Kama hapumui, akandamizwe kwa nguvu katikati ya kifua, mara 100 hata 120 kwa dakika, naye ajuaye kumpulizia pumzi na afanye hivyo, mpaka msaada ufike. Ila tusichanganye mambo mawili: aliyenaswa na waya wa umeme asiguswe kamwe kabla ya umeme kukatwa, kwa sababu huko mkondo waendelea kupita.

Tena yafaa kujikinga mapema. Ngurumo ikisikika, radi yaweza kutufikia. Tuache shamba, uwanja na mtumbwi; tusikimbilie chini ya mti; tuingie katika jengo imara au motokaa yenye bodi ya chuma, na tungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kibanda cha nyasi hakitoshi. Mwaka 1753 mtaalamu Georg Richmann aliuawa na radi mjini St. Petersburg akiipima kwa chombo chake. Na mwaka 2011, katika shule ya Runyanya nchini Uganda, radi iliwaua wanafunzi 18. Radi haikumwogopa mwenye elimu wala haikuwahurumia watoto.

Hapo pana neno la mwisho. Kila radi ipigapo, hawakosi watu wa kusema kwamba imetumwa, na mara nyingi kidole huelekezwa kwa mzee au mjane asiye na mtetezi. Sisi tuketio maofisini ndio tupokeao mashtaka ya namna hiyo, na ndio tuandikao barua zake. Yatupasa kumwambia mshtaki, kwa upole wala si kwa dharau, kwamba radi haina bwana wa kuituma. Ina kanuni, na kanuni hiyo yaonekana katika chanuo na kipande cha karatasi. Anayetaka ushahidi na asugue chanuo lake mwenyewe.

Bwana Rais, ndugu yetu aliyeuliza alisema kwamba watu wa kwao ni wema, nao walimpenda mchungaji yule. Twaamini hivyo. Hawakukosa upendo, walikosa maarifa haya machache. Basi kila mwanachama aendaye likizo na aichukue nakala hii, aisome kwao barazani.