MANDARI NA WATOTO WETU WALIOKUA

Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi katika sherehe za kutimiza miaka 10, Mwera, Wilaya ya Pangani

Ndugu Mgeni Rasmi, ndugu viongozi wa kata na wa kijiji, wazee wetu, wanachama wenzangu, majirani na wote mliotuunga mkono, na ninyi wanetu mliosimama kule nyuma chini ya mwembe mkijifanya hamsikilizi,

Mweka Hazina amekwisha soma hesabu za miaka 10, za hisa, za mikopo na za mfuko wa jamii, na Katibu amesoma historia ya kikundi. Mimi sitarudia. Nimepewa kazi ya kueleza jambo moja tu, lile lililoleta maneno mengi katika mkutano mkuu wetu, nalo ni safari ya mandari ya familia pamoja na watoto wetu wa miaka 13 hadi 19, ya kwenda Ushongo na Maziwe.

Wapo waliosema, mwenyekiti, miaka 10 tumebana matumizi, leo tunakwenda kutupa fedha baharini? Wengine wakasema pwani ni mambo ya wazungu. Maneno hayo nayaheshimu kwa sababu ndiyo yaliyolinda sanduku letu. Lakini naomba mnisikilize.

Kwanza, mandari si jambo la kigeni. Neno lenyewe ni letu. Watu wa pwani hii tangu zamani walikwenda kuoga mwaka. Siku ya mwaka ikifika, wakubwa kwa wadogo walishuka baharini wakajiosha mikosi, wakapika, wakala pamoja. Wenzetu wa Makunduchi, Unguja, mpaka leo wanaadhimisha Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai. Sisi ndio tumeiacha bahari ikawa ya kazi tu: mwanamume anaijua kwa nyavu, mwanamke anaijua kwa kuchokoa pweza maji yakitoka, na kijana anaijua kwa picha za kwenye simu.

Angalieni Ushongo. Kutoka hapa Mwera si mbali, baiskeli inafika. Kila mwaka tunaona wageni kutoka Ulaya wakipita hapa na watoto wao wakubwa, marefu kama minazi, wamekaa na wazazi wao ndani ya gari moja. Kwao wengi huenda pwani za Hispania, Italia au Ugiriki mwezi wa saba na wa nane shule zikifungwa. Si kwamba wote ni matajiri. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mfanyakazi anayo haki ya likizo ya wiki zisizopungua 4 kwa mwaka yenye malipo, na familia huanza kuweka akiba ya safari miezi mingi kabla. Hata hapa kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo. Lakini sisi wa jembe, sisi mama lishe, sisi wa kuanika dagaa, likizo hatupewi na mtu. Tusipojipa wenyewe tutazikwa hatujapumzika.

Na watoto wetu wanakua, jamani. Mtoto wa miaka 7 unaweza kumfunga mgongoni mwa maneno yako. Wa miaka 16 humuoni. Asubuhi yuko shule, jioni yuko kijiweni au kwenye bodaboda, usiku yuko na simu. Mnakutana kwenye sahani ya ugali na maneno yenu ni mawili: "umekula?" na "umetoka wapi?" Baada ya miaka 3 huyo ameolewa, au amekwenda Tanga mjini au Dar es Salaam kutafuta maisha. Wazee wamesema samaki mkunje angali mbichi. Muda tulio nao na hawa waliosimama chini ya mwembe ni mfupi, na hakuna mgao wa mwisho wa mwaka utakaourudisha.

Hiyo ndiyo sababu. Sasa nieleze mpango wenyewe, maana safari bila mpango ni hasara.

Fedha. Hakuna atakayekopa kwa ajili ya mandari. Narudia, hakuna. Kwa riba yetu ya asilimia 5 kwa mwezi, anayekopa sh. 100,000 kwa miezi 3 analipa sh. 15,000 juu yake, na mandari haizai kama mtaji wa samaki au wa maandazi. Vile vile mfuko wa jamii hauguswi. Ule ni wa msiba na ugonjwa. Tutakachofanya ni hiki: kila familia iliyojiandikisha itaweka sh. 1,500 kila wiki kwa wiki 40, kuanzia mwezi wa Machi. Hiyo ni sh. 60,000. Familia zilizojiandikisha ni 14, kwa hiyo zitapatikana sh. 840,000. Robo yake, yaani sh. 210,000, itakaa sandukuni kama fedha ya dharura, na ikibaki itarudishwa kwa wenyewe. Fedha inayobaki italipa kwanza mashua na viingilio vya hifadhi, pili gari, na mwisho chakula. Chakula nimekiweka mwisho makusudi, kwa sababu mchele, nazi na mihogo tunavyo majumbani. Chakula kina mbadala wake, usalama hauna.

Wakati. Likizo ndefu za shule ni mbili, ya Juni na ya Desemba. Vijana walitaka Juni kwa kuwa iko karibu. Wavuvi wetu wamesema hapana. Juni ni kusi, upepo una nguvu, bahari imechafuka, na kwa watoto wasiozoea mashua hiyo si starehe, ni adhabu. Desemba kusi imekwisha, kaskazi ndiyo inaanza, na bahari kwa kawaida huwa tulivu zaidi. Kwa hiyo ni Desemba.

Lakini mwezi wa kalenda hautoshi, lazima tuangalie na mwezi wa mbinguni. Maziwe ni fungu la mchanga. Maji yakijaa linafunikwa, yakitoka ndipo linaonekana. Wazee hapa wanajua kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvu, maji yakajaa sana na kutoka sana. Siku hizo katika pwani yetu maji hutoka kabisa kama saa 4 au saa 5 asubuhi, na kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa dakika kama 50. Ndiyo maana tumechagua Jumamosi na Jumapili zilizo karibu na bamvu. Tutaondoka Ushongo saa 2 asubuhi siku ya Jumapili, maji yakiwa yanatoka, na tutaondoka Maziwe kabla hayajajaa. Atakayesema "tukae kidogo tupige picha nyingine" ataachwa na maji, si na mimi.

Jumamosi tutashinda na kulala Ushongo kwa ndugu na jamaa waliokubali kutupokea. Wasichana watalala nyumba moja na akina mama, wavulana nyingine na akina baba wawili waliojitolea. Nataka vijana waelezwe habari za kasa. Maziwe ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Wazee wetu waliikuta ina mivinje. Kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na mchanga ukawa unafunikwa na maji. Kasa bado wanapanda kutaga pale pale, kwa hiyo mayai yasipohamishwa yanaoza kwa maji ya chumvi. Watu wa Ushongo wamekuwa wakiyahamisha na kuyafukia kwenye ufuko wao, na baada ya siku kama 50 hadi 60 watoto wa kasa hutoka na kukimbilia baharini. Kijana wa Mwera anayeweza kukutajia wachezaji wote wa timu za Hispania inafaa alijue hili pia, kwamba kisiwa kikikatwa miti kinaweza kuondoka, na jirani yake mwenyewe ndiye aliyeokoa kasa. Kwa hiyo Maziwe hatuokoti kombe, hatuvunji matumbawe, na taka zetu tunarudi nazo. Kivuli hakuna, choo hakuna, kwa hiyo maji ya kunywa, kofia na miavuli ni lazima. Miguuni yeboyebo, na mtu akitembea majini asikokote haraka. Aburute mguu taratibu ili taa aliyejificha mchangani apate kuondoka.

Sasa nafika penye uzito. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia kupita kiasi, na mamia ya watu walikufa. Pwani nzima ililia. Kwa sababu hiyo masharti ya mashua hayana mjadala. Chombo kiwe na leseni na kimekaguliwa. Nahodha awe mtu anayeijua njia ya Maziwe. Idadi ya watu ni ile iliyoandikwa kwenye chombo, hata kama anayebaki ni mume wa mwenyekiti. Kila mmoja avae jaketi la kujiokolea, amelifunga kabla hatujaondoa nanga. Kulikalia kama mto si kulivaa. Nahodha akisema leo upepo mbaya, safari ya Maziwe imevunjika, tunabaki Ushongo na hakuna wa kununa. Fedha ya mashua itarudi sandukuni.

Na lipo la kuogelea. Wasichana wetu waliomba nao waingie majini, wasikae ufukweni kulinda masufuria. Baadhi yetu tulikunja uso. Tukajadili mikutano mitatu. Mwisho tukakubaliana na hoja ya mama mmoja aliyesema: bahari haiulizi huyu ni wa kike au wa kiume, ikimkuta hajui kuelea inamchukua. Kaskazini mwa Unguja uko mradi wa Panje uliofundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za stara, na heshima yao haikupungua hata chembe. Kwa hiyo wasichana watafundishwa Ushongo, wakati wao peke yao, akina mama wakiwa nao majini, maji yasiyozidi kiuno. Nguo ni suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Kanga na dera hapana. Zikilowa zinakuwa nzito na zinafunga miguu. Wavulana nao wasijione mahodari, maana hata anayedhani anajua huweza kuzama. Kila mtu awe na mwenzake wa kumwangalia, na anayeingia bila mwenzake anatolewa.

Ndugu Mgeni Rasmi, jambo ambalo limenifurahisha kuliko yote ni kamati ya vijana. Mtoto mkubwa ukimwambia "kesho twende" anajiona anaburutwa kama mbuzi. Tukachagua vijana wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, tukawapa kazi za kweli. Mmoja anaandika daftari la maji kupwa na kujaa. Mmoja anatunza orodha ya majina na namba za simu za wazazi. Wawili wanapanga michezo na muziki. Wakaja na madai yao: mpira ufukweni, bongo fleva usiku, na simu zisichukuliwe. Sisi tukaleta ya kwetu: taarabu nayo ipigwe, saa 4 usiku kimya, na simu ndani ya mashua zikae kwenye ndoo yenye kifuniko. Tukakubaliana. Mama mmoja aliniambia kwamba katika kikao kile alimsikia mwanawe akisema sentensi nyingi kuliko alizozisikia mwaka mzima. Basi hapo mandari ilikwisha anza kulipa, hata kabla hatujalipia mashua.

Wanachama wenzangu, miaka 10 iliyopita tulipoanza kuweka hisa tulisema tunaweka akiba kwa ajili ya watoto. Tumelipa ada, tumenunua sare, tumeezeka mabati. Hayo ni mema na tutaendelea. Lakini mtoto anayelipiwa ada bado anahitaji kukumbuka sauti ya mama yake ikicheka. Hiyo nayo ni akiba.

Mwisho, natoa maombi matatu. Kwa familia ambazo hazijajiandikisha, kitabu kiko kwa Katibu hadi mwisho wa mwezi wa Februari. Kwa Mgeni Rasmi na marafiki wa kikundi, hatuombi fedha ya kula. Tunaomba majaketi ya kujiokolea, ambayo yatabaki kikundini na kuazimwa na kila familia ya Mwera inayokwenda baharini. Na kwa ninyi wanetu chini ya mwembe, hisa yenu katika safari hii ni moja tu: tokeni huko nyuma, njooni mkae mbele na mama zenu. Viti vipo.