Taa Ifichuayo Ufa

Leo twende pamoja hadi karakana ya ndege, katika chumba chenye giza. Kipande cha injini kimepakwa rangi ya majimaji ipenyayo hata ndani ya ufa mwembamba kama unywele. Kimeoshwa, kimekaushwa, kikanyunyiziwa unga mweupe uivutao rangi ile nje. Fundi huyazoeza macho yake gizani kwanza. Miwani inayojigeuza nyeusi haruhusiwi kuvaa. Kisha huielekeza taa ya miale ya urujuanimno, na ufa hung'aa kijani.

Lakini taa ile ile ifichuayo ufa ndiyo huichosha rangi. Kipande kikiachwa chini yake kwa muda mrefu, mng'ao hufifia kama leso iliyosahauliwa juani, na fundi aliyechelewa huona chuma kizima.

Mwezi wa Julai 1989 ndege ya DC-10 ilianguka Sioux City, Marekani, wakafa watu 112. Sahani ya injini yake ilikuwa imekaguliwa kwa njia hii mwaka uliotangulia. Hatusemi kwamba siku ile rangi ilififia. Wachunguzi walisema kwamba ufa ulikuwapo, wala haukuonekana.