Boti ihesabiwe mbele ya kutoka
(Maneno kwa vijana, Kituku, Goma)



Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilitoka Minova, ikazama hapa mbele yetu, ikiwa karibu kufika. Vita ilikuwa imekata barabara, ikabaki njia ya ziwa tu. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ndani mulikuwa watu 278. Lakini kwa wafu, hesabu hazikulingana. Pasipo orodha ya kweli, utahesabu namna gani?

Kule baharini, meli za abiria na za mizigo kuanzia tani 300 zenye kuvuka toka inchi moja kwenda ingine zinalazimishwa kubeba AIS tangu mwisho wa 2004. Ni kamashini kenye kutuma kwa redio jina ya meli, na, kila kisha sekunde chache, mahali iko na mwendo yake. Ikinyamaza, wenye kuchunga wanauliza: iko wapi?

Na sisi tunaitaka kwa ziwa Kivu. Lakini tusidanganyane: AIS haihesabu watu. Merdi tuliiona kwa macho yetu, na ikazama.

Kwa hiyo tunaomba wenye kusimamia bandari: majina yaandikwe mbele ya kupanda, orodha ibaki inchi kavu, kila mutu apate jile, boti yenye kupita kipimo isitoke.

Na wewe, ukiona imejaa, usipande. Sema kwa sauti. Mama yako anakungojea.