Miruko ya Macho na Mtoto Anayejifunza Kusoma



Simama mbele ya kioo, ulitazame jicho lako la kushoto, kisha uhamie la kulia. Rudia upendavyo, hutayaona macho yako yakihama. Mwenzako aliye kando, lakini, anayaona waziwazi. Raymond Dodge, mwanasaikolojia wa Marekani, alilichunguza jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Macho huruka kwa sababu sehemu ya retina inayoona kwa ukali ni ndogo mno. Nyoosha mkono utazame ukucha wa kidole gumba: eneo linaloonekana barabara halizidi hapo sana. Kwa hiyo jicho huhamishwa huku na huku, yapata mara 3 kwa sekunde. Wakati wa mruko, ubongo hupunguza wepesi wake wa kuona, ndiyo maana hatuoni ukungu. Halafu kuna ajabu nyingine. Fumba jicho moja, ulisukume lililo wazi taratibu kwa kidole kupitia kope: chumba kitatikisika. Likihama lenyewe, chumba kimetulia tuli, kwani ubongo unaijua amri uliyoitoa. Mwaka 1992, watafiti Duhamel, Colby na Goldberg walionyesha kwamba baadhi ya seli katika ubongo wa nyani huanza kuitikia kitu kabla jicho halijahama na kukileta katika eneo zinaloliona. Binafsi sijui ugunduzi unaonivutia kuliko huo.

Tuje darasani. Jicho la msomaji halitelezi juu ya mstari. Msomaji hodari wa Kiingereza huruka herufi 7 hadi 9, hutua kama robo sekunde, na katika kila miruko 100, 10 hadi 15 hurudi nyuma. Mwaka 1975, watafiti McConkie na Rayner walitumia kompyuta iliyoficha maandishi yote isipokuwa yale yaliyo karibu na jicho lilipotua. Utafiti wa namna hiyo ulionyesha kwamba msomaji hunufaika zaidi na herufi za upande wa kulia, anakoelekea. Kwa wasomaji wa Kiebrania, upande huo ni wa kushoto. Fikirini basi kazi ya mtoto wetu wa pwani: asubuhi shuleni anaelekea kulia, jioni chuoni, akisoma Kiarabu, anaelekea kushoto. Anayaweza yote mawili, na anastahili sifa.

Mtoto anayeanza hutua kwa muda mrefu, huruka hatua fupi na hurudi nyuma mara nyingi. Sisi walimu tumezoea kumkemea: "Soma mbele, usirudi!" Naomba tuache. Jicho linarudi kwa kuwa neno halijaeleweka. Kulizuia hakumpi mtoto uelewa. Tena Kiswahili kina maneno kama "hawatatusaidia", herufi 14, lenye nafsi, wakati na mtendwa ndani yake. Kiambishi cha kukanusha "ha-" kikimpita, sentensi nzima imepinduka. Hapo kurudi nyuma ni usomaji mzuri.

Napendekeza hivi: kabla ya kufungua kitabu, tuyatumie maneno marefu ya somo katika mazungumzo, sikio liyazoee. Tuyakate kwa silabi ubaoni, kisha tuyaunganishe. Anayefuata mstari kwa kidole aachwe. Na tunapompima mtoto, tumuulize kwanza alichokielewa, ndipo tuangalie saa.