Makato ya SHA: pesa ikitoka kwa mshahara wako, inafika?

Leo sitaki tubishane ni nani alileta SHA. Nataka tuongee kuhusu tarehe 9.

Shangazi yangu ni mpishi. Alipougua, alifika hospitalini akaambiwa michango yake haijalipwa. Akatoa hati za mshahara: makato yapo, kila mwezi. Kwenye kompyuta, hakuna kitu. Bosi alikata, hakupeleka. Ikabidi sisi jamaa tuchange ndio atibiwe.

Ndio maana hii mijadala hunichosha. Upande mmoja unalia makato yamezidi, mwingine unaapa kila mtu atatibiwa. Hakuna anayeuliza: kati ya mshahara na hospitali, pesa imeshikwa na nani?

Tangu Oktoba 2024, mwajiri hukata asilimia 2.75 ya mshahara wako wote, isipungue shilingi 300. Ukilipwa 40,000, hiyo ni 1,100. Na si kama NSSF au ushuru wa nyumba ambapo naye huongeza yake. Hapa pesa yote ni yako. Kazi yake ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Akichelewa, sheria inamtoza faini.

Sasa, KRA inaingia wapi? Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango huu hutolewa kwanza, ndipo PAYE inapigwa kwa kinachobaki. Kwa hivyo mwajiri huripoti makato hayo kwenye hesabu zake za kodi, na mwisho wa mwaka unayaona kwenye P9 yako. Lakini ripoti inaenda KRA, pesa inaenda SHA. Ni milango miwili. Mtu anaweza kubisha mmoja na kuupita mwingine. P9 inaonyesha ulikatwa. Haionyeshi kwamba pesa ilifika.

Basi usingoje ugonjwa. Tarehe 9 ikipita, piga *147# uangalie hali yako. Weka hati zako zote za mshahara. Ukiona pengo, uliza ofisini mapema, tena kwa maandishi.

Na mgombea akija kwenu kuongea afya, akiwa wa upande wowote ule, msimuulize tu asilimia ngapi. Muulizeni: mwajiri akikata asipeleke, kwa nini anayefukuzwa dirishani ni mfanyakazi?

Shangazi bado anangoja hilo jibu.