Kitabu cha bure kimelipiwa na nani?

Juma hili ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini bila kupiga hodi. Nalo ni vitabu vya kielektroniki vinavyopatikana bure, vile ambavyo vijana wetu wa vyuoni huviita softikopi. Kitabu kizima huingia katika simu kwa dakika moja, na dakika inayofuata kimekwisha kutumwa kwa watu hamsini. Wapo wanaosema hii ni neema. Wapo wanaosema ni wizi. Mimi nasema inategemea kitabu chenyewe kimetoka wapi.

Tuanze na neema, maana ipo. Maktaba ya mkoa wa Mbeya iko mjini, na ile ya Iringa hali kadhalika. Mwanafunzi wa Pawaga au Idodi, wa Chunya au Ubaruku, hawezi kupanda basi kila Jumamosi kwenda kuazima kitabu na kukirudisha. Akitaka kununua, nauli ya kufika dukani huenda ikakaribia bei ya kitabu chenyewe. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wazazi wengi waligundua kwamba nyumbani hapakuwa na kitabu hata kimoja cha kumshughulisha mtoto. Leo Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada, na mtoto wa Tukuyu anakisoma kile kile anachosoma mtoto wa Dar es Salaam. Hilo si jambo dogo.

Lakini, ndugu wasikilizaji, vitabu vya bure si vya namna moja, na sisi tumezoea kuvihesabu vyote sawa. Mimi naviona vya namna tatu.

Namna ya kwanza ni vile vilivyotolewa na wenyewe. Hapo ndipo vilipo vitabu vya Taasisi ya Elimu, ambavyo ni mali ya umma. Hapo pia zimo hadithi za watoto za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini. Hadithi zake zimo katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na mwalimu anaruhusiwa kuzichapa na hata kuzitafsiri. Mwalimu wa Kilolo akiamua kuigeuza hadithi moja kuwa ya Kihehe ili wadogo waielewe, havunji sheria ya mtu. Aliyeiandika alikubali tangu mwanzo.

Namna ya pili ni vile ambavyo haki ya mwandishi imekwisha muda wake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliuweka muda huo kuwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu hiyo miaka yake 50 ilitimia mwaka 2012. Lakini Ben Mtobwa alifariki mwaka 2008, na Euphrase Kezilahabi mwaka 2020. Kwa hesabu hiyo hiyo, kazi zao zina wenyewe mpaka mwaka 2058 na mwaka 2070. Anayezisambaza leo bila ruhusa anagawa mali ya warithi na ya wachapishaji.

Katika namna hii ya pili Wamarekani wametutangulia mbali. Michael Hart alianza kuingiza maandishi ya kale katika kompyuta mwaka 1971, na kazi yake, Project Gutenberg, sasa ina vitabu zaidi ya 70,000 vya kusoma bure. Mwanafunzi wa Kiingereza pale Mkwawa anaweza kumsoma Shakespeare au Dickens bila kutoa senti. Hata hivyo, angalieni kinachotokea. Vitabu hivyo kwa sehemu kubwa ni vya Kiingereza na ni vya zamani. Kijana anayesoma cha bure tu atakua akiijua mitaa ya London ya karne ya 19 kuliko anavyoijua Mwanjelwa ya leo. Cha bure kinakuchagulia usome nini, nawe wala hukujua kwamba umechaguliwa.

Namna ya tatu ndiyo inayoniumiza. Ni kile kitabu kilichopigwa picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba cha mpigaji kikionekana pembeni, kisha kikatiwa katika kundi la darasa. Wanaokisambaza si majambazi. Mara nyingi ni wanafunzi wema wanaosaidiana, na wakati mwingine ni mwalimu mwenyewe. Nao wana hoja. Husema: huyu asiye na fedha asingekinunua kitabu hicho hata kidogo, basi mwandishi kapoteza nini?

Hoja hiyo ina uzito, nami siibezi. Kwa mtu mmoja ni kweli. Lakini natuchukue mfano. Mwalimu mstaafu wa Mafinga ameandika historia ya watu wake, kazi ambayo hakuna mchapishaji wa mbali atakayeigusa. Tuseme anatoa shilingi 3,000,000 katika kiinua mgongo chake, anachapa nakala 500, anauza kila moja shilingi 10,000. Ni lazima auze 300 ndipo zirudi fedha alizotoa; faida yake iko katika hizo 200 za mwisho. Sasa katika nakala 40 za mwanzo, moja ikapigwa picha na kusambazwa. Miongoni mwa watakaoipata wamo wasio na uwezo, ndiyo, lakini wamo pia watumishi wenye mishahara ambao wangenunua. Nakala zilizobaki zinaliwa na panya uvunguni. Hataandika kitabu cha pili, na mwingine aliyekuwa akifikiria kuandika cha kwanza atakaa kimya. Dickens haumizwi na softikopi, maana amekufa tangu 1870. Anayeumia ni yule anayeandika habari zetu.

Aidha, msomaji naye hulipa, ingawa hakabidhi fedha dukani. Kitabu cha kurasa 200 kilichochapwa kwa maandishi ya kawaida huweza kuchukua megabaiti moja au pungufu. Kikipigwa picha, kinaweza kuzidi megabaiti 50, na hapo bando limekwisha. Maandishi hayaongezeki ukubwa vizuri katika kioo kidogo, na kurasa nyingine zimeruka. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Kubwa zaidi ni umri wa kitabu. Kitabu cha karatasi kikizeeka utakijua kwa rangi yake. Softikopi haizeeki sura. Ya mwaka 1985 na ya mwaka jana zinang'aa sawasawa. Mathalani, kitabu cha afya kilichoandikwa hapa nchini kabla ya mwaka 2001 kinaweza kukuambia kwamba dawa ya kwanza ya malaria ni klorokwini. Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001 na kuchukua SP, kisha mwaka 2006 ikachagua dawa mseto. Mama wa Kyela anayetibu mtoto kwa kurasa zilizokatwa jalada na mwaka wa kuchapishwa, anaweza kupoteza siku mbili ambazo mtoto hana. Hali ni hiyo hiyo kwa mkulima wa viazi anayefuata kijitabu cha zamani cha dawa za kunyunyizia, ilhali watafiti wapo pale Uyole.

Je, tufanye nini? Kuwakataza vijana wasisome cha bure ni kazi bure, tena si haki. Njia ipo, na nchi hii iliwahi kuipita. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Mchapishaji alichapa kitabu, mradi ukanunua sehemu ya nakala na kuzigawa shuleni. Mtoto alisoma bure, na mwandishi hakudhulumiwa, kwa kuwa alikuwapo aliyelipa kwa niaba ya mtoto. Mpango wa namna hiyo unaweza kufanyika kwa vitabu vya kwenye simu. Chuo chenye wanafunzi maelfu, kiwe Mbeya au Iringa, kingeweza kumwendea mwandishi na kununua ruhusa moja kwa wote. Halmashauri ingeweza kufanya hivyo kwa shule zake. Kila mwanafunzi angechangia kiasi kidogo kuliko gharama ya kutoa kopi katika steshenari, na yule mzee wa Mafinga angeshika kalamu tena.

Wakati tukisubiri hayo, kila mmoja wetu na ajiulize maswali matatu kabla ya kupakua. La kwanza, nani amekitoa kitabu hiki, na je, ni chake? La pili, kiliandikwa mwaka gani? Kama hakionyeshi mwaka, usikitumie kwa dawa, sheria wala kilimo. La tatu, mwandishi yuko hai, tena karibu nasi? Kama yuko hai na wewe una mshahara, nunua nakala, hata kama softikopi unayo tayari. Nanyi walimu, chukueni vitabu halali mnapokuwa mjini penye mtandao mzuri, muwapelekee watoto wa vijijini wasome bila bando. Sheria inaruhusu kutumia sehemu ya kitabu kwa kufundishia na kumtaja mwenyewe. Haisemi utume kitabu kizima kwa kijiji kizima.

Kitabu hakianguki kutoka mbinguni kama mvua ya Rungwe. Yupo aliyekesha akikiandika. Tusome cha bure, tena tusome sana, lakini tujue kimelipiwa na nani.