Mwalimu, Je, Wameelewa?

Nimepewa niseme habari ya kufundisha, nami nitasema na wewe unayeshika darasa la watoto.

Katika makanisa yetu mengi, mhubiri hupanda madhabahuni akiwa amefunga na kuomba. Lakini darasa la watoto je? Ibada imeshaanza, mama mmoja anaguswa bega: "Dada, hebu wachukue watoto pale nje." Hajui leo wanasoma nini. Kazi yake ni wasipige kelele tu. Huko ni kulinda, si kufundisha. Na upako hauzibi pengo la maandalizi, tusidanganyane.

Kufundisha ni ufundi kama useremala. Seremala hapigi randa mbao asiyoitazama kwanza. Msome Filipo, Matendo 8. Yule Mkushi yuko garini anasoma Isaya. Filipo hakuanza na mahubiri, alimwuliza kama anayaelewa anayoyasoma, kisha akaanzia palepale mtu alipokwama. Sisi tunauliza, "Mmeelewa, watoto?" Wote, "Ndiyooo!" Tunafunga kwa maombi. Hilo si swali, wapendwa. Mwambie mmoja akueleze kwa maneno yake, ndipo utajua.

Chukua mfano wa chachu, Mathayo 13:33. Biblia yetu inataja pishi tatu za unga. Mtoto wa Buyenzi pale Bujumbura, pishi ataijulia wapi? Na chachu yenyewe, wengi wanaijua kama hamira. Basi njoo na unga, hamira na maji ya uvuguvugu. Kanda mbele yao, funika kwa kitambaa, imbeni, someni. Mkifunua, unga umeumuka. Uliza: nani ameiona hamira ikifanya kazi? Watanyamaza. Hapo sasa sema nao habari ya ufalme wa Mungu. (Unga usitupe, wakaangie maandazi!)

Mwalimu Nyerere, ambaye alifundisha Pugu kabla ya siasa, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule ya msingi isiwe maandalizi ya sekondari tu, bali elimu iliyokamilika yenyewe, maana watoto wengi wangeishia pale. Na kanisani ni vivyo hivyo. Yuko binti wa darasa lako ambaye mwakani atapelekwa mjini kufanya kazi za ndani, na Jumapili hataruhusiwa kutoka. Atakachokuwa nacho jikoni kwa watu ni kile alichokielewa kwako.

Wachungaji wangu, spika tumenunua kubwa kubwa, kilo moja ya unga haiwezi kutushinda. Naomba mwalimu wa Jumapili ajulikane kufikia Jumatano, apewe somo lake na fedha ya vifaa. Tena awekewe zamu, naye akae ibadani, maana wengine wanamaliza mwezi mzima hawajasikia neno.